Ukoko wa Nkololo

Kama kuna mahali Bariadi ambapo shati jeupe halina maisha marefu, ni kwenye mashine za kukoboa mpunga siku ya Jumamosi. Pumba zinaruka kama zimetumwa na mtu, mikanda inapiga kelele, akina mama wanagombania foleni kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na ukikohoa unakohoa vumbi la gunia la jirani. Humo ndimo Jabiri alimoingia amevaa shati jeupe la pasi, suruali ya bluu iliyombana miguu, na marashi ya kutosha watu watatu, kwa sababu akitoka pale alikuwa anapitia harusini.

Mama yake, Bi Maua wa duka la vitenge pale sokoni, ndiye aliyemtuma. Wageni walikuwa wamejaa nyumbani na mchele umeisha. Jabiri hakubisha. Alikuwa kijana wa kupenda watu, na mashineni watu hawakosekani. Alisalimia foleni nzima, akatangaza kwamba anakwenda harusini, akapata habari za nani kaachwa na nani karudiwa, na alipofika mwisho wa mstari akamkuta msichana amekaa juu ya magunia mawili, kimya, kama vile kelele zote zile zilikuwa za mtaa mwingine. Alivaa gauni la kitenge cha ndege wa manjano, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na viatu alikuwa amevivua akaviweka pembeni visiingie pumba.

"Dada, hicho kitenge kimetoka kwetu," Jabiri alisema. "Duka la Mama Maua. Nilikikata mwenyewe kwa mkono huu."

Msichana alimtazama mkono, kisha akautazama wake, ambao gauni lilikuwa limeishia juu ya kiwiko.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Fundi alisema kitambaa hakikutosha mikono."

Jabiri alicheka mpaka akavuta pumba, zikamkaba, akakohoa machozi yakamtoka. Msichana alimpa maji ya chupa yake, akamkung'uta mgongo, na alipomwangalia kichwani naye akashindwa kujizuia.

"Ukifika hiyo harusi yako watadhani ni babu wa bwana harusi amekuja."

Basi, mtu ameshakukung'uta mgongo, utaachaje kumwomba namba? Aliitwa Milembe. Alikuwa karani wa masijala kule Lagangabilili, kwenye ofisi mpya za halmashauri, amepanga chumba huko huko, na mwisho wa wiki alirudi kwao Nkololo kwa baba yake mzee Masalu, mama yake Kabula na kaka yake Shigela. Mpunga ule ulikuwa wa kwao. Jabiri alimbebea magunia yote mawili mpaka kwenye pikipiki, na shati jeupe likaisha pale pale.

Simu zilianza jioni hiyo na hazikukatika. Ukitaka kujua watu hawa wawili walivyotofautiana, ungewasikiliza wakihesabiana mambo wanayopenda na wasiyopenda. Milembe hakupenda giligilani kwenye mchuzi, hakupenda mtu anayeongea akipiga mswaki, hakupenda kuulizwa "unawaza nini." Alipenda utulivu. Mvua ikinyesha Lagangabilili alimpigia Jabiri, akasema "sikiliza," halafu akaiweka simu karibu na dirisha, asiseme neno lingine, na Jabiri akabaki anasikiliza bati la watu.

"Sasa haya ni mazungumzo gani, Mile? Vocha inaliwa na mvua."

"Nyamaza, mpenzi. Hayo ndiyo mazungumzo yenyewe."

Jabiri yeye kimya hakukiweza. Nyumba aliyokulia, chakula kilipakuliwa kwenye sinia kubwa, mkeka ukatandikwa, na watu wakakaa bega kwa bega: mama, dada yake Muzdalifa na wanawe, wapangaji, mteja aliyepitiwa na saa ya kula, hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Mtu mzima na ndevu zake, lakini akila peke yake chakula kilimkwama kooni.

"Siku ukiniona nimekula peke yangu," alimwambia Milembe, "ujue ninaumwa au nimefungwa."

Kitu kimoja tu walipatana moja kwa moja: ukoko. Wali mweupe walimwachia yeyote, lakini ukoko, ule wa kahawia wa chini ya sufuria, unaolia mdomoni, wangeweza kuupigania. Nyumbani kwa Bi Maua ukoko ulikuwa na vita yake, na Jabiri, aliyekuwa bingwa wa vita hiyo, akaanza kuuficha. Aliufunga kwenye karatasi, akauweka kwenye droo ya duka, na Milembe akipita Bariadi akaupata. Muzdalifa alimkamata siku moja na karatasi ya ukoko mfukoni. Alimtazama, akasema tu, "Kaka, huyo utamwoa," akaenda kuwatangazia wapangaji.

Ikafika zamu ya kwenda Nkololo. Habari ya dini walishaizungumza mapema, na mzee Masalu alikuwa amesema kwamba nyumba yake haijawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya swala. Lililobaki lilikuwa mama. Milembe alimwambia Jabiri bila kuzunguka kwamba baba atasema ndiyo au hapana, lakini nyumba inamsikiliza mama. Mama akimkubali, limekwisha.

Jabiri alijiona amejiandaa. Alizaliwa Bariadi. Kisukuma cha dukani alikuwa nacho: salamu, bei, na utani wa kumzuia mteja asiende duka la pili. Alichagua doti ya kitenge bora kuliko zote, ya zambarau yenye maua meupe, akaazima pikipiki, na njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya jinsi atakavyompa mama mkononi mwake, kwa mikono miwili, akiinama kidogo.

Alimkuta Kabula uani anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba. Mwanamke mrefu, mkakamavu, uso wa Milembe mtupu. Jabiri akanyoosha mkono, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

Mama yule hakuupokea mkono. Alivuta upande wa kitenge chake, akafunika uso, akageuka, akapita nyuma ya nyumba kwa haraka kama mtu aliyeona nyoka. Wanawake wawili waliokuwa wakimsaidia wakacheka chini chini. Jabiri alibaki na mkono wake hewani.

Alijipa moyo kwamba huenda mama ana haya. Kwao mtu mwenye haya unamfuata jikoni, unakaa kwenye kigoda, unamchekesha mpaka haya zinaisha. Basi akachukua mfuko wake wa kitenge, akazunguka nyuma mpaka jiko la nje. Aliingia mlango huu, mama akatokea mlango ule. Akamwona anakatiza shamba la pamba kwenda kwa jirani, karibu anakimbia, na wale wanawake sasa walicheka wazi, mmoja ameshika mdomo.

Milembe alikuwa amekwenda kisimani. Shigela ndiye aliyekuja akamrudisha Jabiri ndani kwa upole, akamkalisha kwenye kiti, akamletea maji ya kunawa na bakuli la bati lililofunikwa na sahani.

"Mama haji tule wote?" Jabiri aliuliza.

"Mama hawezi kukaa hapa wewe ukiwepo," Shigela alijibu, kama mtu anayesema jua limewaka. Halafu ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa jirani, akaitwa, akatoka mbio na fimbo.

Jabiri akabaki peke yake. Chumba kimya, kuku mmoja anachungulia mlangoni, na lile bakuli lililofunikwa. Aliliangalia. Maneno ya Shigela yalimzunguka kichwani. Akasimama, akaacha mfuko wa kitenge juu ya kiti, akatoka, akawasha pikipiki.

Milembe alipiga jioni. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Jabiri. Umeondoka, chakula kimefunikwa."

Angesema ukweli pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini utamwambiaje mtu kwamba mama yake mzazi amekukimbia shambani? Aliona aibu. Aliona pia kwamba akisema, atamlazimisha Milembe achague kati yake na mama, na hilo hakulitaka.

"Kwenu siwezi, Mile," alisema. "Nimejaribu."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukaa mahali hapana mtu wa kukaa na mimi."

Kimya kilikuja, na safari hii hakikuwa na mvua ndani yake.

"Sawa," Milembe alisema. "Nyumba yetu ni ya udongo na watu wetu ni wachache. Tafuta iliyojaa."

Akakata. Jabiri hakupiga tena, naye hakupiga. Kila mmoja alikuwa na kiburi chake, na cha kila mmoja kilikuwa na sababu.

Pamba ikapasuka, ikavunwa, malori yakapita kwenda kwenye vinu vya Maswa yakidondosha nyuzi nyeupe barabarani. Jabiri aliuza vitenge. Alicheka na wateja, alipokea habari na kuzisambaza, na mtu asiyemjua angesema kijana huyu hana shida. Lakini Bi Maua alimjua. Alimwona mwanawe amekaa kwenye mkeka, katikati ya watu tisa, anasogeza tonge upande huu na upande ule. Aliuona ukoko ukipita mbele ya kijana mpaka kwa watoto wa Muzdalifa bila yeye kuugusa. Halafu siku nyingine anausahau ugomvi wake mwenyewe: anaupora, anaufunga kwenye karatasi, anaupeleka dukani, anauweka kwenye droo, mpaka sisimizi wanajipanga mstari kutoka ukutani kuja kuula.

"Unawalisha sisimizi, mwanangu," Bi Maua alimwambia.

"Wana njaa, mama."

Kibaya zaidi zilikuwa mvua. Kijana aliyekuwa akilalamika vocha inaliwa na mvua, sasa wingu likitanda upande wa Lagangabilili alitoka nje ya duka akasimama, simu mkononi, akiangalia. Matone yakianza kugonga bati, alinyamaza. Mteja akimwongelesha alimwinulia kidole: ngoja kidogo. Watu wakasema mtoto wa Maua siku hizi ana mawenge. Walisema pia, kwa sababu mji hauna siri, kwamba yule karani wa Lagangabilili anachumbiwa na mwalimu Elia wa Maswa, mtu mzima mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, na kwamba wakwe wameshafika Nkololo. Habari hiyo Jabiri hakuisambaza.

Sasa alikuwepo mteja mmoja, Generoza, mama wa makamo, mcheshi, mnene, mpenda rangi kali. Huyu akija kununua kitenge kimoja alikaa dukani nusu siku na alifunguliwa majora yote. Asubuhi moja alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa chekundu kimemzunguka kifua, anamweleza Jabiri kwa nini rangi hiyo inampendeza kuliko mdogo wake. Ghafla akakata maneno. Akajifunika kichwa na kile kitenge ambacho hata hakijakatwa, akaruka kaunta na unene wake wote, akachuchumaa nyuma ya majora.

Jabiri alichungulia nje. Hapakuwa na mgambo wala ng'ombe mkali. Alikuwa anapita kijana mmoja tu mpole, anasukuma baiskeli yenye kreti ya soda.

"Amepita?" Generoza aliuliza kutoka chini.

"Amepita. Umemkosea nini yule?"

"Nimemkosea nini tena? Ni mkwilima wangu. Amemwoa mwanangu wa pili."

"Ndiyo unamkimbia? Kumbe humpendi."

Generoza aliinuka taratibu, akashika kiuno, akamtazama Jabiri kama anavyotazama kitenge kinachochuja.

"Wewe mtoto, umekulia wapi? Yule nampenda kuliko wanangu wa kiume. Kwetu Wasukuma mkwe ni mtu wa heshima. Humwangalii usoni, humpi mkono, huli naye. Nilianza kumkimbia hata kabla hajatoa posa, siku ile ile moyo wangu uliposema huyu ndiye." Akajikung'uta vumbi la magotini. "Ningekuwa simtaki, ningemkazia macho. Ningekaa naye pale, ninywe chai naye, mpaka achoke aende kwao."

Mkasi ulikuwa mkononi mwa Jabiri na alikuwa ameusahau. Aliuona uso ule unafunikwa upande wa kitenge. Aliiona miguu ile inakatiza pamba. Aliwasikia wale wanawake wanavyocheka, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba kilikuwa kicheko cha furaha, cha watu wanaojionea harusi inakuja.

"Mama Generoza," alisema, "kitenge hicho chukua, nitakukatia baadaye. Kaa uniangalizie duka."

Alipiga simu akiwa nyuma ya duka, kati ya maboksi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ya tatu ikapokelewa, lakini upande wa pili hakusema mtu. Ilisikika feni ya ofisini tu.

"Mile, usiseme kitu. Nisikilize tu, kama ulivyokuwa unanisikilizisha mvua. Siku ile nilidhani mama yako amenikataa. Nilimpa mkono, akakimbia. Nikamfuata jikoni, akakimbilia kwa jirani. Shigela akaniambia mama hawezi kukaa pale mimi nikiwepo. Niliona aibu kukwambia. Nilijiona kama mbwa aliyefukuzwa uani."

Feni ilizunguka.

"Ulimfuata jikoni," Milembe alisema hatimaye.

"Nilimfuata."

"Mkwe. Jikoni."

"Na kitenge mkononi."

Alisikia pumzi ikimtoka, na hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Jabiri, wewe umezaliwa Bariadi. Unasalimia watu Kisukuma. Nilidhani unajua."

"Nimezaliwa Bariadi, sijazaliwa mkwe."

Hapo ndipo Milembe alipomwambia yaliyokuwa ndani ya lile bakuli. Kwamba mama alimwuliza wiki nzima mgeni wake anapenda nini. Kwamba alimtuma Shigela amwite Abubakari, fundi baiskeli wa pale senta, aje achinje kuku, ili Jabiri ale bila wasiwasi. Kwamba wali aliuacha motoni makusudi, amekaa mbele ya sufuria anausikiliza, mpaka ukoko ukawa wa kahawia, akaubandua mzima kama chapati na kuuweka juu ya wali. Halafu akarudi kutoka kwa jirani akaukuta umefunikwa vile vile, umepoa.

"Hakusema kitu," Milembe alisema. "Alimpa kila mtu kipande, yeye hakula. Tukajua kijana wa mjini amekataa."

Jabiri alikaa juu ya boksi. Alitaka kusema samahani na neno likawa dogo.

"Na sasa nimesikia kuna watu wa Maswa."

"Walikuja. Wanangoja jibu."

"Mama aliwapokeaje?"

"Vizuri sana," Milembe alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya mashineni, ya mtu anayekuangalia mkono kisha anaangalia wake. "Alikaa nao chumbani. Alimpa mwalimu Elia mkono. Alimmiminia chai, akamwuliza habari za Maswa, akimtazama machoni hivi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nikamwona. Nikajua bado anakungoja wewe."

"Mbona hukunipigia, mpenzi wangu?"

"Nikwambie nini? Kwamba mama yangu bado anakufichia uso, na wewe hata kupiga simu huwezi?"

Walinyamaza wote wawili. Jabiri hakukijaza kile kimya. Alikiacha kikae, na akaona kwamba kumbe kinakalika.

"Nirudi?" aliuliza.

"Njoo na wazee wako. Na safari hii usinyanyue miguu kabla hujanyanyua sahani."

Bi Maua hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikodi gari, akalijaza: Muzdalifa, shangazi mmoja, wapangaji wawili wenye heshima, Generoza ambaye hakuna aliyemwalika, sukari, majani ya chai na vicheko. Nkololo walishuka kama soko limehamia pale. Jabiri alikuwa wa mwisho kushuka, amevaa shati jeupe jipya. Kwa mbali, mlangoni mwa jiko, aliona kitenge cha zambarau chenye maua meupe kikijifunika uso na kupotea ndani. Safari hii alitazama chini, kwa adabu, na moyo wake ukaruka.

Mama yake hakukatazwa jikoni. Yeye na mama mkwe mtarajiwa walikuwa mama kwa mama, mwiko haukuwahusu. Baada ya muda mfupi Jabiri, aliyekaa ndani na mzee Masalu na Shigela, alisikia sauti ya Bi Maua upande wa pili wa ukuta ikieleza jambo, na sauti nyingine, nzito, ya utulivu, ikijibu, halafu wote wawili wakacheka. Alitamani kuwa humo. Alijua hataingia, pengine si kwa miaka mingi. Angeujua uso wa mama huyu kwa kuutazama wa mkewe tu.

Wazee walizungumza yao, wakapatana, mzee Masalu akasema watu wa Maswa watapelekewa jibu kwa heshima. Milembe aliingia amevaa lile gauni la ndege wa manjano, mikono mifupi vile vile, akapiga magoti akaweka bakuli la bati mbele ya Jabiri. Alipoinuka akamnong'oneza, "Ukiacha hata punje, sikutambui."

Shigela na baba yake wakatoka kwenda kuwaonyesha wageni zizi. Chumba kikawa kimya. Kuku yule yule, au mwingine, akachungulia mlangoni. Jabiri alinyanyua sahani. Ukoko ulikuwa juu, mzima, wa kahawia, mviringo kama chini ya sufuria.

"Mkwilima." Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, karibu kabisa, kama mtu aliyeegemeza mgongo pale. "Wanasema huwezi kula peke yako."

Jabiri aligeuza kiti chake, naye akaupa ukuta mgongo, ili asije akaona kitu.

"Siwezi, mayu."

"Basi kula. Mimi nipo."

Alivunja kipande cha ukoko. Akasogea karibu na ukuta, akakitafuna kwa nguvu, taratibu, ili mama asikie.